Mwarobaini: Maana ya Jina na Matumizi ya Mti

Majina ya miti katika Kiswahili aghalabu hutokana na matunda yake, au umbo lake, au kazi ifanywayo na mbao zake. Mwarobaini haukupata jina kwa njia hizo. Jina lake ni hesabu: wasemaji wa lugha hii walitwaa neno la idadi, wakalivika kiambishi cha miti, wakaupa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Sababu itolewayo na kila mtu ni moja, nayo ni kwamba mti huu hutibu maradhi arobaini. Kwa kuwa sababu hiyo yajulikana hata na watoto, wakusanyaji wa maneno wameiridhia upesi wakapita. Makala haya yakusudia kukaa na neno hili kwa muda mrefu zaidi. Nataka kuonyesha kwamba arobaini iliyomo ndani ya jina hili si hesabu ya maradhi. Kwamba ujuzi wenyewe wa mti umewekwa mahali pengine katika lugha, yaani katika vitenzi na vipimo. Na kwamba kamusi ikiyaacha hayo, hasara yake huwafikia watu ambao hawajapata kufungua kamusi hata siku moja.

Tuanze na umbo la neno. Nazi ina mnazi wake, chungwa lina mchungwa, ndimu ina mndimu, embe lina mwembe. Ukiondoa kiambishi cha mti hubaki tunda. Kanuni hii ina nguvu sana, kiasi kwamba mti mgeni uingiapo nchini na tunda lake, kama ulivyoingia mparachichi, hupata jina bila ya mtu yeyote kukaa kitako na kulitunga. Lakini ukiondoa kiambishi katika mwarobaini, kinachobaki hakiliwi wala hakichumwi. Ndiyo maana tunda la mti huu halina jina lake peke yake. Twasema tunda la mwarobaini, kokwa za mwarobaini, mafuta ya mwarobaini, wala hapana aliyediriki kusema kwamba ameokota maarobaini chini ya mti. Yafaa kulinganisha na mswaki, ambao ni jina la kijiti na pia la mti kitokako. Huko Waswahili walipokea neno la Kiarabu miswak, wakadhani silabi yake ya kwanza ni kiambishi cha wingi, wakajipatia umoja wake. Katika mswaki kiambishi kilikutwa ndani ya neno la kigeni. Katika mwarobaini kiambishi kilitiwa kwa makusudi, na aliyekitia alijua atakalo kulisema.

Je, alitaka kusema nini? Neno arobaini, ambalo wengine hulitamka arubaini na kwa hiyo mti wakauita mwarubaini, kama ilivyo kawaida kwa watu wengi wa Kenya, lina maisha yake katika Kiswahili nje ya hesabu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Marehemu husomewa arobaini yake. Siku za mwizi ni arobaini, na mtu aliyefikwa na mambo yake huambiwa kwamba arobaini zake zimefika, wala hakuna ahesabuye siku hizo tangu wizi wa kwanza hata kukamatwa. Katika mifano hii yote arobaini ni neno la ukomo. Hutaja muda uliotimia, deni lililokwisha, jambo lililofika mwisho wake. Hata arobaini ya mzazi na ya marehemu, ambazo kwa kweli huhesabiwa siku, huhesabiwa kwa sababu ya mwisho wake: siku ya thelathini na tisa haina jina.

Kwa hiyo mtu atafutaye orodha ya maradhi arobaini anatafuta kitu ambacho jina halikukiahidi. Orodha kama hizo zipo, na huandikwa kwenye vibandiko vya chupa na vifuko vya unga wa majani. Nimezitazama kadhaa. Kila moja hufika arobaini kwa kutaja kikohozi mara mbili, au kwa kutenga maumivu ya kiuno na maumivu ya mgongo, au kwa kuongeza mwishoni mambo ya nyota na bahati. Jina lilikuja kwanza, orodha ikatafutwa baadaye. Mwenye kusema mwarobaini hapo zamani alisema, kwa kadiri nionavyo, mti wa tiba iliyotimia.

Ushahidi wa jambo hili twaupata leo katika magazeti ya Tanzania. Mwandishi huandika kwamba umepatikana mwarobaini wa foleni, mwarobaini wa migogoro ya ardhi, mwarobaini wa upungufu wa maji. Hapa hakuna mti wala majani wala maradhi, na hakuna afikiriaye kwamba foleni zina namna arobaini. Neno limekuwa na maana ya suluhisho la mwisho. Wako wenzangu wanaolalamikia matumizi haya kuwa ni uchovu wa waandishi, nami nakubali kwamba yamezidi. Lakini waandishi hawakulipotosha neno. Walisikia sawasawa maana iliyokuwamo tangu mwanzo, wakaitumia peke yake.

Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi na Burma, na uliletwa pwani yetu na watu waliotoka huko. Jambo la kustaajabisha kidogo ni kwamba haukuja na jina lake. Embe lilikuja na jina ambalo asili yake ni India, na vivyo hivyo chapati na bangi. Kisanskriti huuita mti huu nimba, Kihindi nim, Kigujarati limdo, na Wagujarati walikuwa majirani na washitiri wetu katika kila mji wa pwani. Hata hivyo Waswahili hawakusema mnimu wala mlimdo. Walijitungia. Wahausa wa Afrika ya Magharibi nao walijitungia, wakauita dogonyaro, yaani kijana mrefu, kwa kuutazama umbo lake. Waajemi waliuita azad dirakht, na azad katika lugha yao ni aliye huru na tena mwenye hadhi, maana ambayo Kiswahili huikusanya barabara katika neno mwungwana. Jina hilo la Kiajemi ndilo alilolitwaa Linnaeus mwaka 1753 alipouita Melia azadirachta, na Jussieu akalifanya jina la jenasi mwaka 1830. Basi Wahausa walitazama kimo, Waajemi walitazama cheo, sisi tukatazama kazi.

Liko jina la pili katika Kiswahili, mkilifi, ambalo hutajwa katika orodha za miti. Kufanana kwake na jina la mji wa Kilifi kusimpe mtu haraka ya kutunga asili yake. Linalotuhusu zaidi ni kwamba pamoja na mwarobaini kuna ndugu yake, Melia azedarach, ambao hupandwa kwa kivuli na maua, na watu wengi huufananisha nao. Mkanganyiko umo hata katika majina ya kisayansi, kwa kuwa azedarach na azadirachta yote mawili yametoka katika lile neno moja la Kiajemi. Mwanafunzi wa lugha aweza kulitazama jambo hili kama mchezo wa maneno, lakini mchemshaji wa majani hawezi. Matunda ya Melia azedarach yana sumu iwezayo kumdhuru mtu na mnyama. Tofauti zake si ngumu kuzieleza. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu na vijani vimepangwa pande zake mbili, vyenye meno ubavuni kama msumeno. Jani la ndugu yake hugawanyika tena mara ya pili, na pengine ya tatu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya ndugu yake yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini huwa na kokwa ambayo ndani yake kwa kawaida kuna mbegu moja. La ndugu yake huwa na mbegu kadhaa. Sentensi hizi tano ni fupi, nazo zafaa kuwemo katika kamusi kuliko sifa ya kwamba mti ni wa dawa.

Hapa twafika kwenye neno dawa lenyewe, ambalo bila ya kulifahamu hatuwezi kueleza kwa nini mti mmoja umekuwa tiba ya watu na kinga ya mahindi. Kiswahili hakitengi mambo haya. Twasema dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya kumfanya mume atulie nyumbani. Dawa ni kitu kitiwacho mahali ili kurekebisha lililoharibika au kuondoa lisilotakiwa. Lugha nyingi za Ulaya hutenga kwa maneno mawili kile kimponyacho mtu na kile kimuuacho mdudu, na wasomi waliofunzwa katika lugha hizo, nami ni mmoja wao, hujikuta wakiandika faili mbili: moja ya tiba, nyingine ya kilimo. Mwenye mwarobaini uani hana faili mbili. Jani lile lile analomwogeshea mtoto mwenye upele ndilo analolitandika katika sanduku la nguo.

Matumizi ya mti huu, basi, hayamo katika jina lake wala katika neno dawa. Yamo katika vitenzi, na kila kitenzi ni njia maalumu ya kazi. Majani huchemshwa, na maji yake huogewa kwa upele, ukurutu na tetekuwanga. Kitenzi ni kuogea, si kuoga tu: kiambishi cha kutendea huonyesha kwamba majani ni chombo cha kuogea. Maji hayo hayo yakifunikwa yangali yanatoka mvuke, mgonjwa akajitanda nguo juu ya chungu, ndiyo nyungu, na kitendo chake ni kujifukiza. Mwaka 2020, katika siku za Uviko-19, neno nyungu lilisikika Tanzania nzima, na majani ya mwarobaini yalikuwa miongoni mwa yaliyotiwa chunguni. Majani makavu yakichomwa jioni ili kuondoa mbu, kitendo ni kufukiza vile vile, lakini sasa kinachofukizwa ni nyumba. Mbu hufukizwa ili afukuzwe. Maneno haya mawili yanavyokaa pamoja vinywani mwa watu yasitufanye tuyahesabu kuwa mzizi mmoja. Kijiti hutafunwa ncha mpaka kikawa na nyuzi, kikatumika kwa meno, desturi iliyoenea sana India. Gome huchemshwa na maji yake kusukutuliwa. Kokwa hukaushwa, hubanguliwa, hutwangwa, hukamuliwa, na mafuta yake hupakwa. Makapi yabakiayo baada ya kukamua ni mashudu, nayo huchanganywa na udongo kuurutubisha na kupunguza minyoo iharibuyo mizizi.

Angalia sasa tofauti ya kukausha na kuanika. Mtu akiambiwa anike majani, atayatandaza juani, kwa kuwa kuanika kwa kawaida ni juani. Lakini wenye kuujua mti huu husema majani yakaushwe kivulini. Kwa muda mrefu maneno kama haya yalihesabiwa kuwa miiko isiyo na sababu. Sababu imejulikana. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, wa Chuo Kikuu cha Keele huko Uingereza, walitenga katika mbegu za mwarobaini kitu kiitwacho azadiraktini, ambacho ndicho kikuu katika vile viwazuiavyo wadudu. Umbo lake ni la kutatanisha mno. Lilijulikana kwa ukamilifu katika miaka ya 1980, na kulitengeneza katika maabara kuliwachukua Ley na wenzake wa Cambridge miaka 22, mpaka mwaka 2007. Kitu hicho huharibiwa upesi na mwanga wa jua. Kwa hiyo neno kivulini lilikuwa na kemia ndani yake, na kwa ajili hiyo hiyo dawa ya mwarobaini hunyunyiziwa jioni. Aliyeandika katika daftari lake kwamba majani huanikwa, akidhani ametumia kisawe tu, alikuwa amekwisha kuiharibu dawa.

Katika uzuiaji wa wadudu matatizo ya maneno ni makubwa zaidi. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona huko Sudan kwamba nzige walishambulia kila kitu chenye rangi ya majani, wakauacha mwarobaini. Hawakufa, walikataa kula. Hii ndiyo tabia kuu ya mti huu. Azadiraktini humfanya mdudu akatae chakula, na tena huvuruga homoni ziamuruzo kujivua gamba, hata kiwavi au tunutu akashindwa kuingia katika hatua inayofuata ya maisha yake. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Asubuhi baada ya kunyunyizia, mdudu yu hai, naye hutembea juu ya jani kama kawaida.

Sasa tutazame neno tulilompa mkulima. Istilahi rasmi ni kiuatilifu, na mamlaka ya serikali ya Tanzania iliyoundwa mwaka 2020 hubeba neno hilo katika jina lake: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Istilahi imeundwa vizuri, wala siibezi. Lakini kitenzi kilichomo ndani yake ni kuua. Mkulima auziwaye kiuatilifu hungoja maiti. Akiona asubuhi kwamba viwavi wangali wakitembea, huamua kwamba ameuziwa maji, naye huenda dukani kutafuta kitu kikali zaidi. Lau angaliambiwa kwamba ametia kizuia ulaji, angalitazama jani badala ya mdudu, akaona kwamba matundu hayaongezeki. Kosa hapa si la mkulima wala si la mti. Ni la neno, na kazi ya kulitengeneza ni yetu sisi tuundao istilahi. Nafikiri tungepata namna mbili: kiuatilifu kwa kile kiuacho, na kizuiatilifu kwa kile kizuiacho. Wataalamu wa wadudu waseme kama tofauti hii yawatosha.

Ghalani mambo ni mepesi zaidi kuyaeleza. Majani yaliyokaushwa kivulini hupondwa, yakachanganywa na nafaka au kunde, au yakatandazwa tabaka kwa tabaka katika kihenge, ili kuzuia fukusi. Kwa shambani hutumiwa zaidi mbegu, kwa kuwa azadiraktini imekusanyika humo kuliko katika majani. Kipimo kifundishwacho mara nyingi ni gramu 500 za mbegu zilizobanguliwa na kutwangwa kwa lita 10 za maji, zikalowekwa usiku kucha, zikachujwa. Wazee hawakuwa na gramu, lakini walikuwa na vipimo. Kulikuwa na ukufi, ulio kadiri ya kiganja kilichokunjuliwa. Konzi, iliyo kadiri ya mkono uliofumbwa. Kibaba, na pishi iliyo vibaba vinne. Mtu akisema konzi ya majani kwa pishi ya kunde, amesema uwiano kamili uwezao kupimwa na kujaribiwa. Katika daftari nyingi za ukusanyaji nilizozisoma, msimuliaji hunukuliwa akisema tu majani kidogo. Sidhani kwamba wasimulizi wote walisema kidogo. Nadhani wengi walionyesha kwa mkono, na mwandishi alikuwa ameinamia karatasi.

Kipimo kina uzito zaidi katika kitenzi ambacho nimekiacha mpaka sasa, nacho ni kunywa. Watu hunywa maji ya majani ya mwarobaini kwa homa, na uchungu wake huwapa imani, kwa maana tumezoea tangu siku za kwinini kwamba kiponyacho homa ni kichungu. Ni kweli kwamba wanakemia wameona katika mti huu vitu, kama gedunini na nimbolidi, vyenye kuvidhuru vijidudu vya malaria ndani ya vyombo vya maabara. Lakini kushinda ndani ya chupa si kumponya mtu, na mgonjwa wa malaria anayetosheka na majani huku dawa mseto ipo zahanati hujihatarishia maisha, hasa akiwa mtoto. Mafuta ya mbegu ni jambo lingine tena. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia, Sinniah na Baskaran, waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta haya kwa kinywa kama dawa ya nyumbani, wakapatwa na kutapika, usingizi mzito na madhara ya ini na ubongo. Mafuta ambayo juu ya ngozi ni tiba, ndani ya mtoto mchanga ni sumu. Mwenye mimba naye hana budi kujiepusha na kuyanywa. Haya yote hukaa ndani ya tofauti ya vitenzi viwili, kupaka na kunywa. Jina mwarobaini haliwezi kuyasema, kwa kuwa jina husifu mti mzima, na sifa haina maelekezo.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mambo ya madaktari na wakulima yaandikwe katika jarida la lugha. Jibu langu la kwanza nimekwisha kulitoa: ujuzi umo katika maneno, na wenye dhamana ya maneno ni sisi. Jibu la pili limetoka Munich. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya njia ya kuzuia kuvu juu ya mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwaka 1995 pingamizi lilipelekwa na Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji, na shirikisho la kimataifa la wakulima wa kilimo hai. Hataza ilifutwa Mei 2000, na rufani ilikataliwa Machi 2005. Miaka kumi ilitumika kuthibitisha jambo ambalo wakulima wa India waliliona kuwa la kawaida. Tena haikutosha kusema kwamba wazee walilijua. Ulihitajika ushahidi wenye tarehe na maelezo, na uliokuwa na uzito mkubwa ulikuwa wa mtengenezaji mmoja wa India aliyeonyesha jinsi dawa ya namna hiyo ilivyotengenezwa na kujaribiwa kabla ya ombi la hataza kupelekwa.

Sheria ya Ulaya angalau hukubali habari iliyotolewa kwa mdomo au kwa matumizi, ikiwa yaweza kuthibitishwa. Kwa sheria ya Marekani iliyotumika mpaka mwaka 2013, ujuzi au matumizi ya kitu katika nchi ya kigeni hayakuhesabiwa dhidi ya mdai wa uvumbuzi isipokuwa jambo hilo liwe limechapwa au limepewa hataza. Yaani kihenge kilichojaa majani ya mwarobaini si ushahidi. Ukurasa uliochapwa ukikieleza kihenge hicho ni ushahidi. India ilijifunza, na mwaka 2001 ikaanza kuhifadhi katika kompyuta maelezo ya tiba zake za jadi, yaliyotolewa katika vitabu vya Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi na Kitamili, ili wakaguzi wa hataza wayasome. Wao walikuwa na vitabu. Sehemu kubwa ya ujuzi wa miti katika Kiswahili ungali vinywani mwa watu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, lakini sheria hulinda kilichoorodheshwa, na orodha huandikwa na mtu aliyesikiliza vizuri.

Kamusi ni chapisho. Ina tarehe, ina jina la mchapaji, na inapatikana maktaba za nje. Charles Sacleux, ambaye alikuwa padri na tena mkusanyaji wa mimea, aliliona jambo hili nusu yake: kamusi yake ya mwaka 1939 hutoa jina la kisayansi kwa miti mingi, na hata leo mtaalamu wa mimea aweza kuifungua asione haya. Kamusi zetu za baadaye, zilizotungwa na wenye lugha, zimeendelea mbele katika mambo mengi, lakini katika miti aghalabu zimetosheka na kusema mti wa namna fulani. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwalimu wangu alikuwa na desturi ya kukataa kadi yoyote ya neno iliyoandikwa namna fulani, akisema kwamba kadi hiyo imekiri kuwa mwandishi hakwenda kutazama. Alikuwa mkali kupita kiasi, maana pengine hakuna nafasi. Kwa mwarobaini, hata hivyo, nafasi itafutwe.

Sitaki kulaumu kamusi bila ya kutoa mfano wa nilitakalo. Ninaweka hapa chini maelezo yaliyokusudiwa kamusi ya kati, yapunguzwe au yaongezwe na wahariri watakavyoona.

Mwarobaini, wingi miarobaini. Pia mwarubaini, mkilifi. 1. Mti wa jamii moja na mkangazi, Azadirachta indica, asili yake Bara Hindi na Burma, jani lina kikonyo kimoja na vijani vyenye meno ubavuni, maua meupe, tunda hugeuka manjano liivapo, kwa kawaida lina mbegu moja. Majani huchemshwa na kuogewa kwa maradhi ya ngozi, hutiwa katika nyungu, huchomwa kufukiza mbu; yakikaushwa kivulini hupondwa na kuchanganywa na nafaka kuzuia fukusi. Mbegu hubanguliwa, hutwangwa, hulowekwa usiku kucha, na maji yake hunyunyiziwa jioni juu ya mimea. Hayaui mdudu papo hapo, humzuia kula na kukua. Mafuta hupakwa, hayanywewi, na mtoto mchanga asipewe kabisa kwa kinywa. Usiuchanganye na Melia azedarach, wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika mara mbili au zaidi, ambao matunda yake ni sumu. 2. Suluhisho la mwisho la jambo: mwarobaini wa foleni.